Walipochukua Hema la Wagonjwa

Siku ile nilikuwa nashona kola za mashati ya shule. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na wazazi wa Sigor walikuwa wamegundua wote kwa pamoja kwamba watoto wao wamerefuka. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka letu. Katika chumba cha nyuma mume wangu Mwangi alikuwa akisaga mahindi ya watu, na kinu kikinguruma hatukuweza kusikiana. Binti yetu Nyokabi, aliyekuwa ameanza tu kuunganisha maneno, alikaa chini ya meza akikusanya vipande vya kitambaa cha buluu na kuvipanga kama mtu mwenye kazi yake.

Nilizaliwa hapo Sigor. Baba yangu alitoka Murang'a kuja kuuza chumvi na mafuta ya taa, akapapenda mahali, akabaki. Kikipsigis nilikijua kabla ya Kiingereza. Nayasema haya kwa sababu baadaye kuna waliotuita wageni, na waliotuletea misaada wakatuita wahamiaji, na katika hao wote hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi.

Nyuma ya duka aliishi Chebet. Tulimwita Bot Kiprono, maana yake mama wa Kiprono, kwa sababu Wakipsigis humheshimu mwanamke kwa jina la mtoto wake. Kila asubuhi alituletea maziwa. Siku hiyo alikuja mikono mitupu, akasimama mbele ya cherehani mpaka nikaondoa mguu kwenye pedali.

Kura za urais zilikuwa zimeshahesabiwa na matokeo yametangazwa. Tulikuwa tumesikia habari za nyumba kuchomwa sehemu nyingine, tukajiambia kwamba Sigor ni kwetu na hapawezi kuwa hivyo. Bot Kiprono aliniambia kwa sauti ya chini kwamba vijana walikuwa wamekusanyika kwenye njia ya Chebunyo. Wengine hawakuwa wa hapa, walikuwa wameletwa. Duka letu lilikuwa limetajwa, kwa sababu ya kabila letu. Akasema tusithubutu kwenda barabarani, tushuke mtoni na kufuata maji mpaka karibu na kituo cha polisi.

Nilimuuliza ni vipi mtoto atapita mtoni bila kulia. Akanyoosha mikono.

"Nipe mimi," akasema. "Mimi napita naye barabarani. Nani ataniuliza?"

Nikamtoa Nyokabi chini ya meza, nikampa.

Mwangi alizima kinu. Ukimya ule naukumbuka kuliko kelele zilizofuata.

Tuliingia mtoni bila kubeba kitu. Maji yalifika magotini. Juu yetu, barabarani, wanaume walikuwa wakiimba.

Moshi ulipanda upande wa duka. Mwangi akageuka kuangalia.

Nikamvuta shati.

Yaliyotokea barabarani Bot Kiprono alinisimulia baadaye. Walikuwa wameweka mawe na magogo katikati ya njia. Kijana mmoja mwenye panga alimsimamisha, akafunua leso aliyombebea kuangalia uso wa mtoto. Nyokabi alikuwa amelala mgongoni kwake. Kijana akauliza mtoto ni wa nani.

"Ni wangu," akamjibu kwa Kikipsigis. "Ana homa. Ukimwamsha utambeba wewe."

Kijana akarudisha leso. Bot Kiprono akatembea polepole, kwa sababu aliona akiharakisha watajua.

Tulipofika polisi tumelowa matope, Bot Kiprono alikuwa ameshafika. Alinikabidhi mtoto bado amelala, akaondoka haraka, maana naye alikuwa amejitia kwenye hatari kubwa kwa kuonekana pale na sisi.

Baada ya kulala pale polisi tulipakiwa kwenye malori yenye ulinzi, tukapelekwa kwenye uwanja mmoja karibu na mji wa Kericho. Njiani tulipita mashamba ya chai, kijani kibichi, yamekatwa sawasawa pande zote, kama kwamba hakuna lolote lililotokea duniani. Uwanjani tulikuta watu wengi kuliko nyasi. Kericho ni baridi, na mvua huja mchana bila kubisha hodi. Tulilala chini ya turubai pamoja na familia nyingine tusizozijua.

Sitasema kwamba tulikufa njaa. Chakula kililetwa. Lililotukosesha amani ni jambo dogo hata naona aibu kulieleza kwa mtu ambaye hajawahi kulala nje. Maji yaliletwa na lori la tangi, lakini hatukuwa na pa kuyaweka. Tuliyaweka kwenye mabeseni na makopo ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa juu. Hayakuwa na vifuniko. Vumbi liliingia, majivu yaliingia, mikono ya watoto waliotoka kucheza iliingia. Muuguzi mmoja aliyekuwa akijitolea pale, tuliyemwita Sista Atieno, alituambia kila siku tufunike maji. Tukamwuliza tuyafunike na nini. Alikwenda kuuliza wakubwa. Akajibiwa kwamba kinachogawanywa ni kile kilicholetwa.

Na kilicholetwa nitakisema, kwa sababu waliokileta walishasifiwa vya kutosha na sisi hatukuwahi kusema neno. Yaliletwa magunia ya nguo. Kwenye gunia letu kulikuwa na gauni la harusi lenye doa la mchuzi kifuani, viatu vya visigino virefu, kimoja hakina mwenzake, na chupi zilizotumika. Ndiyo, chupi zilizotumika. Mwanamke mzima alikaa nyumbani kwake, akazitoa kabatini, akazitazama, akaona kwamba zinanifaa mimi. Mimi ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa nashonea watoto wa watu nguo mpya.

Nilikunja lile gauni nikaliweka chini ya mtoto lizuie baridi. Mwangi aliangalia, akacheka kidogo, kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Nyokabi alianza kuharisha. Haikuwa yeye peke yake, ilikuwa watoto wa safu yetu nzima. Sista Atieno alikuwa na hema moja la wagonjwa, amelala humo kila mtoto aliyezidiwa, wawili wawili kwenye godoro moja. Nyokabi alipata nafasi pembeni, amewekewa dripu. Sista akaniambia macho yake yameanza kuchangamka, na mimi pia niliona hivyo. Aliomba mandazi.

Ndipo wageni wakaja.

Mheshimiwa mmoja alikuwa anatoka Nairobi na blanketi. Asubuhi na mapema wakaja watu wa kuandaa mahali. Wakatazama uwanja, wakatazama mawingu, wakasema wageni hawawezi kukaa kwenye mvua. Hema zuri lililokuwa pale lilikuwa moja tu.

Sista Atieno alisimama mlangoni akakataa. Niliwasikia wakimweleza kwa upole kwamba ni kwa saa chache, kwamba ni kwa faida ya hao hao wagonjwa, kwamba asipoelewa blanketi zitapelekwa kambi nyingine. Hawakumpigia kelele. Laiti wangempigia kelele.

Wakaanza kung'oa vigingi.

Tuliwatoa watoto na magodoro tukawalaza kwenye majani. Mimi nilishika chupa ya dripu juu kwa mkono.

Mvua ikaja.

Tukafunika watoto kwa turubai, lakini maji yalipita chini. Sindano ikachomoka mkononi kwa Nyokabi. Sista alijaribu kuirudisha, mshipa haukupatikana.

Chini ya hema, hotuba ilikuwa inaendelea. Walizungumza juu ya upendo.

Tulipoitwa kupokea blanketi nilikwenda, mtoto kifuani, kwa sababu nililitaka lile blanketi kuliko kitu chochote. Kijana mwenye kamera aliniomba nimgeuze mtoto uso uonekane. Nilimgeuza. Mheshimiwa akashika ncha moja ya blanketi na mimi nikashika nyingine, na tukakaa hivyo mpaka kijana akaridhika.

Hema lilirudishwa jioni. Kesho yake Nyokabi alipelekwa hospitali mjini, na huko akafa mbele yetu, mchana kweupe, wauguzi wakiwa wamejitahidi kabisa. Sina lawama kwao. Alikuwa amefika amekauka.

Tulimzika kwenye makaburi ya mji. Bot Kiprono alisikia, sijui kwa nani, akaja kutoka Sigor siku ambazo mtu wa kwetu hangeweza kupita kwenda kwao na mtu wa kwao hakutaka kuonekana na sisi. Alikuja na maziwa kwenye kibuyu. Alisimama kando yangu wakati udongo unarudishwa. Hakulia. Baada ya watu kutawanyika ndipo alizungumza.

"Mimi nilimbeba mpaka polisi," akasema. "Nilifikiri huko mbele kuna watu."

Mpaka leo nikifikiria mwanamke yule alivyopita kwenye mapanga na mtoto wangu mgongoni, na mtoto huyo huyo akaja kufa kwa sababu ya kopo lisilo na kifuniko na hema la kukinga suti za wageni, damu yangu inachemka kama ni jana. Watu huniambia vita ndivyo vilivyomuua. Nawaambia hapana. Vita tulivipita mtoni.

Siku chache baada ya mazishi Sista Atieno alikuja kwenye turubai letu na simu yake. Alisema kuna mama yuko Kitui, amepata namba kwa dereva wa lori, anataka kuzungumza na mmoja wa akina mama wa kambini, si na mkubwa. Sikutaka. Sista akaniwekea simu mkononi.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima. Alijitaja kuwa Mama Mutheu, anauza ndengu sokoni. Alinipa pole, kisha akasema hivi:

"Mimi niko mbali na sina kitu kikubwa. Sitaki kukuletea kitu hutumii. Niambie wewe, mnakosa nini?"

Niligeuka nikatazama kopo letu la maji lililokuwa wazi. Halafu nikamwambia, mitungi ya maji. Yenye vifuniko.

Mtu mwingine angeshangaa. Yeye wa Kitui hakushangaa, shida ya maji anaijua. Akauliza mitungi mikubwa au midogo, na ni nani anayekwenda kuchota, mama au mtoto, kwa sababu mtungi mkubwa mtoto ataukokota na kuupasua. Akauliza kama sabuni ipo. Akauliza kama kuna mahali pa kuanika nguo za ndani za wanawake bila kutazamwa na wanaume. Kila alichouliza kilikuwa ndicho. Nilikaa kwenye tope nikimjibu, na wanawake wengine wakanizunguka wakinong'ona, mwambie hiki, mwambie na kile.

Mwisho akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia. Akauliza mtoto aliitwa nani.

Tangu tufike kambini tulikuwa tumehesabiwa na kupigwa picha, lakini swali hilo sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote kutoka nje.

Mitungi ilikuja juu ya lori la ndengu lililokuwa likipita kwenda Kisumu. Ilikuwa mitungi ya zamani ya plastiki ya mafuta ya kupikia, ile ya njano, lakini ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na maji moto mpaka harufu imeisha. Kila kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa kamba kwenye mkono wa mtungi wake kisipotee. Sabuni za mche zilikuwa zimekatwa vipande ili zienee. Dereva alishusha, akanywa chai, akaondoka. Hakukuwa na bango wala hotuba.

Nilichukua mtungi mmoja nikaufungua na kuufunga, nikaufungua na kuufunga. Nilihisi shukrani, lakini zaidi ya hapo nilihisi hasira ambayo sikuwahi kuijua. Wanawake wa soko moja huko Kitui, ambako wenyewe mvua huwapita, walikuwa wameweza. Kumbe iliwezekana wakati wote. Ilihitaji tu mtu mmoja kuuliza.

Miaka imepita. Sigor hatukurudi kuishi. Mwangi anauza vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Kericho, na mimi nina chumba changu cha ushonaji karibu na soko. Tuna vijana wawili waliozaliwa baadaye. Mama Mutheu tulipigiana simu mpaka alipofariki, na hatukuwahi kuonana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kanisani kwetu tuna chama cha akina mama. Mwaka huu habari za vita vya Sudan zilitusumbua sana, tukaona picha za watu wakivuka mpaka, na mchungaji akasema tuchange. Mwenyekiti wetu ni Mama Chelang'at, mwalimu mstaafu, Mkipsigis, mtu wa haki na mwenye sauti. Baada ya ibada tukakutana kwenye ukumbi. Nilipoingia nikaona rundo limepanda hadi dirishani.

Sikuhitaji kusogea ili nijue. Sweta zilizotoboka. Jaketi zisizo na zipu. Kiatu. Juu ya rundo tayari limewekwa bango lenye jina la kanisa, na mama mmoja alikuwa anapanga nani asimame wapi kwa ajili ya picha. Mwenzake akasema, akitikisa koti lililoliwa na panya, kwamba hao watu wako mbali sana na wana shida, watashukuru tu chochote.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Niliwasimulia yote, kuanzia kola za mashati mpaka mitungi. Niliwaambia kuhusu chupi. Niliwaambia nilivyomgeuza mtoto uso. Katika ukumbi ule walikuwemo wanawake waliokuwa na waume na vijana wa rika la wale wa barabarani mwaka ule, na tulikuwa tumeimba pamoja kwa miaka mingi bila mtu kuutaja mwaka huo. Niliona nyuso zikiinama.

Mama Chelang'at alinijibu kwa heshima, na kwa shida.

"Mama Nyokabi, mambo ya mwaka ule tulishaacha nyuma."

"Ni nyinyi mliacha," nikasema. "Mimi nilizika."

Nilidhani huo ndio mwisho wangu katika chama kile. Lakini Mama Chelang'at aliketi, akavua miwani, akauliza sisi watu wa majani chai tungemwuliza nani huko mbali wanakosa nini. Mama mmoja wa nyuma akasema mke wa mwanawe ni muuguzi kwenye kambi ya wakimbizi huko Turkana, na siku hizi anapokea watu wa Sudan. Tukampigia pale pale, simu imewekwa sauti kubwa juu ya meza.

Mama Chelang'at akamweleza tuna sweta na jaketi nyingi.

"Mama, huku ni joto," muuguzi akasema. "Watoto wanaungua nyayo. Kama mnaweza, leteni ndara."

Sisi tunaoamka na ukungu kila siku hakuna aliyekuwa amefikiria joto. Tukauliza saizi. Tukauliza na akina mama wanakosa nini, naye akaanza kutaja, taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja.

Tulipomaliza, Mama Chelang'at alitembea na mimi mpaka kwenye lango. Alishika mkono wangu na hakuuachilia.

"Kijana wangu mkubwa," akasema, "wiki ile hakulala nyumbani. Alirudi nguo zinanuka moshi. Nilifua. Sijawahi kumuuliza."

Sikutaka kumfariji.

"Muulize," nikamwambia.

Kama alimuuliza sijui. Jumapili iliyofuata alikuja na gunia la ndara mpya za watoto, akaliweka sakafuni bila kusema limetoka kwa nani, na macho yake yalikuwa yamevimba. Ndara zilisafirishwa, na muuguzi akatuarifu zimefika. Sweta tuligawia wachuma majani chai wa hapa hapa waliozihitaji, zile nzima, na zile mbovu nikazichoma mwenyewe nyuma ya ukumbi.

Vita vya Sudan havijaisha kwa sababu ya ndara. Kuna mama huko ambaye wakati huu anashika mtoto wake na kukosa kitu kidogo ambacho mimi nisingekifikiria hata nikikesha nikiomba, na pengine kitafika akiwa ameshazika. Hilo silipokei kwa utulivu. Nyokabi angekuwa mwanamke sasa, na kaburi lake limebaki fupi vile vile.